Jetoni Namba Saba

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Siku mbaya. Damas ana simu mpya.

Niandike kwa utulivu, kalamu isichane karatasi. Damas ni baba wa Steve. Steve amemwoa binti yangu Glodie. Kwa hiyo Damas ni mkwe mwenzangu, na sikumchagua mimi. Tena tunafanya kazi kiwanda kimoja hapa Panda. Mimi niko karakana, nachonga vyuma. Yeye yuko stoo, anahesabu vyuma nilivyochonga. Miaka kumi na minane sasa.

Kiwandani simu haziingii. Asubuhi unaiacha langoni kwa Kalenga mlinzi, anakupa jetoni ya shaba yenye namba. Jioni unarudisha jetoni, unapewa simu. Utaratibu mzuri kabisa. Ubaya ni kabati. Kalenga ana kabati la mbao lenye vyumba arobaini, na simu za maana zinalala humo, kila moja chumba chake. Zilizobaki anazitupa kwenye beseni. Beseni la bluu, la kuoshea vyombo, lenye ufa. Mwaka jana nilimuuliza nani alimpa cheo cha kupanga watu. Akasema yeye hapangi watu, anapanga simu.

Yangu ni ya beseni. Jetoni 93.

Leo Kalenga ameipokea simu ya Damas kwa mikono miwili. Ameifuta kwa leso! Leso ambayo hata pua yake mwenyewe hairuhusiwi kuigusa. Akaiweka chumba namba saba, safu ya juu. Halafu akanyoosha mkono kwangu bila kunitazama, na yangu nikaisikia ikigonga plastiki.

Hilo ningelimeza. Lakini kabla ya kuikabidhi, Damas aliniita: "Papa Glodie, kuya uone!" Nikaona. Picha ya Glodie, amesimama mbele ya nyumba yao Kolwezi, tumbo limemtangulia. Amemtumia Damas jana. Binti yangu! Tumbo la binti yangu! Kwenye simu ya Damas!

Nilimwambia picha si mbaya, ila kwangu imetoka wazi zaidi. Uongo. Kwangu imetoka mraba wa kijivu wenye kiduara kinachozunguka. Kinazunguka tangu jana.

Mtoto anatarajiwa wiki hii. Mjukuu wangu wa kwanza. Nimeapa mbele ya sahani ya bukari, ugali wetu, kwamba nitamwona kabla ya Damas. Viviane, mke wangu, akasema niape nikishakula, mboga inapoa.

Jumanne, 7 Oktoba

Viviane anasema simu si shida. "Weye, mambo yako haiko simu. Mambo yako njo Damas." Yaani shida yangu ni Damas. Kisha akaleta kopo la biskuti ninamoweka simu zangu zilizokufa, akalimimina mezani kama anayechambua maharage. Mwanamke hana huruma.

Nikazitazama moja moja. Ni historia yangu yote.

Ya kwanza, Zelko. Niliinunua siku moja baada ya Damas kununua yake ya kwanza. Kioo chake kilitoshana na kipande cha sabuni kilichokwisha kutumika. Ilikubali WhatsApp kwa sharti nifute kila kitu kingine, pamoja na saa. Nilikwenda nayo ziwani Tshangalele kununua samaki, nikaiweka mfuko mmoja na samaki. Haikufa. Ingekufa ingekuwa heri. Iliishi mwaka mzima ikinuka, na kila nilipompigia mtu mbele ya watu, watu walisogea.

Ya pili, Bimatel, ya laini mbili. Laini ya pili haikufanya kazi siku hata moja. Betri ilivimba kama shavu lenye jino bovu, nikawa nafunga mgongo wake kwa mpira wa tairi ya baiskeli. Mwaka huo Damas alikuwa na simu nyembamba. Aliipitisha chini ya mlango wa stoo kuonyesha wembamba wake. Watu walipiga makofi.

Ya tatu, Fulux. Hiyo niliipenda. Kamera nzuri, sauti nzuri. Ila tochi yake ikiwaka haizimiki. Iliwaka mchana, iliwaka mfukoni, iliwaka kwenye misa wakati wa kimya, kifua changu kinang'aa kupitia shati. Padri alinitazama. Umeme ulipokatika Viviane aliitundika jikoni, na huko ndiko ilikomalizia maisha yake, kama taa.

Ya nne, Kwadro. Ile ilikuwa na shetani. Ilipiga watu yenyewe. Siku moja nipo karakana (wakati huo simu ziliruhusiwa), nawaigizia wenzangu jinsi Damas anavyosema. Mimi ni hodari wa kumwigiza Damas, kila mtu anakubali. Anaanza kila neno kwa "Bon, bon, bon," anavuta pumzi puani, halafu anasema jambo ambalo tayari unalijua. Watu wanacheka mpaka wanashika mashine. Na simu, mfukoni, imempigia nani? Damas. Alisikiliza dakika kumi na moja. Kesho yake akanishika bega, akasema ninamuiga vizuri kuliko yeye mwenyewe. Alicheka! Hakukasirika hata kidogo! Sijawahi kumsamehe.

Ya tano ndiyo hii. Inaitwa Orlu Tatu Plus. Imejaa. Sijui imejaa nini. Nimefuta picha, nimefuta nyimbo, nimefuta ujumbe wa marehemu mjomba. Bado inasema imejaa. Leo jioni nimefuta na WhatsApp yenyewe ili WhatsApp ipate nafasi.

Sasa kuna nafasi. WhatsApp haipo.

Viviane ameshauri nimwombe tu Damas anionyeshe simu yake mtoto akizaliwa. Nimwombe Damas! Nimekwenda kulala.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimegundua Kalenga anapima simu kwa macho. Anaangalia ukubwa tu. Basi nimepata dawa.

Sokoni kuna vijaluba vya simu vya mpira, vinene, vya simu kubwa kubwa. Nimenunua kimoja chekundu. Orlu yangu ilicheza ndani yake kama punje kwenye debe, nikajaza pembeni kwa kadibodi na pamba. Ikawa kubwa. Ikawa nzito! Nikapita langoni nimeishika juu kidogo, kama mtu asiyejali.

Kalenga akaipokea kwa mikono miwili. Moyo ukaruka. Akainua macho kuelekea kabati. Chumba namba nane kiko wazi, jirani kabisa na Damas. Kisha akaitikisa sikioni.

Akaimenya. Mbele ya foleni nzima, akaimenya kama karanga, pamba ikadondoka, akatoa Orlu kwa vidole viwili. Simu beseni. Kijaluba, ambacho ni kizuri, akaniomba, kwa sababu simu yake yeye ni ya ukubwa ule.

Nimempa. Ningefanya nini, watu wanatazama.

Damas alikuwa nyuma yangu. Hakucheka. Alisema eti rangi nyekundu inapendeza. Namjua. Huko ndiko kucheka kwake.

Alhamisi, 9 Oktoba

Glodie ameingizwa hospitali leo. Habari nimezipata wapi? Kwa Damas. Alikuja mpaka mlango wa karakana kuniambia, huku ameshika kofia mkononi. Akasema Steve ataita kwa video mtoto akitoka, na tukiwa kazini yeye Damas ataomba ruhusa aende langoni kuangalia, halafu aje aniambie mtoto anafananaje.

Aje aniambie! Kama redio!

Nilisimama mbele ya mashine yangu robo saa bila kuiwasha. Halafu wazo likaja. Likaja zuri, limekamilika, halina kasoro.

Kalenga haangalii uso. Husema hivyo mwenyewe kila siku, kwa kujivuna: "Minye naamini jetoni. Sura ya muntu inadanganyaka." Mwenye jetoni namba saba ndiye mwenye simu ya chumba namba saba. Na jetoni ni nini? Ni kiduara cha shaba chenye tundu na namba. Na mimi ni nani? Ni fundi wa kuchonga vyuma katika mji ambao watu wamechimba shaba kabla babu zangu hawajazaliwa!

Saa ya mapumziko nimechukua kipande cha shaba kwenye takataka. Nikakichonga. Nikakitoboa. Nikapiga namba saba kwa nyundo, pigo moja safi. Nikakisugua mpaka nikaona meno yangu humo. Nasema ukweli, katika miaka yangu yote ya kazi sijatengeneza kitu kizuri kama hiki. Nimesikitika kwamba siwezi kukionyesha mtu.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimemwona! Nimemwona kabla ya Damas!

Lakini nianze mwanzo.

Saa sita mchana. Damas yuko stoo na lori linashusha mizigo, hawezi kutoka. Nikaenda langoni. Nikamwambia Kalenga kwamba Damas amenituma, nikampa jetoni. Aliigeuza. Aliitazama muda mrefu kidogo. Akanipa simu, akaweka jetoni kwenye chumba kitupu mpaka simu irudi. Rahisi hivyo!

Nikajificha nyuma ya banda la kompresa, penye kelele. Nia yangu ilikuwa kuangalia picha za Glodie tu, naapa. Lakini simu ya Damas ina kiburi cha mwenye nayo. Ilitaka uso. Nikaionyesha wangu. Ikakataa. Nikatabasamu kama Damas. Ikakataa. Nikavuta pumzi puani. Ikaandika nijaribu baadaye. Basi nimekutana na mlango usiojali jetoni, na mlinzi asiyejali uso, siku moja.

Ndipo ikaita mkononi mwangu. Video. Steve.

Kupokea haihitaji uso wa mtu. Nikaziba jicho la kamera kwa dole gumba, nikabonyeza.

"Papa! Mutoto ametoka! Mwanaume!" Steve analia na kucheka. Anasema haoni picha yangu. Nikavuta pumzi puani. "Bon, bon, bon," nikasema, "ni reseau." Akaamini! Kompresa inanguruma, mtandao unakatakata, na mimi ni hodari. Akageuza simu.

Nikamwona. Kitambaa cheupe, na uso mdogo wenye hasira, na sikio. Sikio moja tu, limetoka nje kama mpini wa kikombe. Sikio langu. Sikio la baba yangu. Nikaegemea ukuta wa moto. Sioni haya kuandika kwamba nililia.

Kisha Steve akasema: "Papa, kuko kitu moya nilitaka kukuomba, juu ya jina ya mutoto."

Damu ikanipanda. Kwetu mtoto wa kwanza jina lake linatoka kwa ruhusa ya upande wa baba, na babu wa upande huo anaulizwa kwanza. Nilijua kinachokuja. Damas mdogo! Mtoto mwenye sikio langu aitwe Damas! Niwe nasimama mlangoni kwangu naita, Damas, njoo ule! Damas, vaa viatu! Maisha yangu yote mbele yangu yamejaa Damas!

Sikumwacha amalize. "Bon, bon, bon," nikasema. Nikasema mimi Damas sitaki mtoto apewe jina la babu. Mababu bado wazima, majina yao wanayatumia wenyewe. Wamtafutie jina lingine.

Steve akauliza polepole: "Hata ya upande ya Glodie?"

Nikafikiri ananipima. Mwigizaji mzuri hasiti. Nikafikiri pia kwamba Damas halisi angesema vivyo hivyo, maana sijui kwa nini angenipenda. Nikapaza sauti: "Ile njo ya kwanza minye nakatala!"

Akasema sawa, Papa. Sauti yake ilikuwa ndogo. Simu ikakatika.

Nikarudisha simu mbio, nikakimbilia karakana kabla ya king'ora. Ushindi! Nimeona mjukuu kwanza. Nimefuta jina la Damas. Yote katika dakika nne.

Nimesahau jetoni kwa Kalenga. Si kitu. Nani ataitambua.

Jumamosi, 11 Oktoba

Glodie amepiga. Kwa Orlu, sauti tu, kama redio ya vita. Nikajifanya sijui ni mvulana. Nikapiga kelele za furaha, Viviane akapiga vigelegele vya kweli.

Kisha Glodie akaanza kulia. Akaniuliza nimemkosea nini Papa Damas.

Nikasema mimi? Hakuna!

Akasema tangu mwezi wa tano amekuwa akimwomba Steve mtoto akiwa mvulana aitwe Arsène. Jina langu. Steve alikubali. Ilibaki tu ruhusa ya Papa Damas, na walikuwa na hakika atakubali, kwa sababu ananisifu kila akipiga. Jana Steve amemwomba. Papa Damas amekataa kwa ukali. Amesema majina ya mababu hapana, na la Papa Arsène ndilo la kwanza kukataa.

Nikakaa chini. Hapakuwa na kiti, nikakaa kwenye ndoo.

Nikauliza ataitwa nani basi. Shalom, akasema. Ili watu wasigombane.

Viviane anasema nimekuwa mweupe kama unga. Nimemwambia ni joto la Oktoba.

Arsène! Alikuwa Arsène tayari! Nilikuwa nimeshinda wala sikujua, nikajinyang'anya ushindi wangu kwa mdomo wangu mwenyewe. Hapana. Kwa mdomo wa Damas. Tukitazama vizuri, Damas ndiye aliyekataa.

Jumapili, 12 Oktoba

Misa. Damas alinisubiri nje ya kanisa na mkewe Clémentine. Alionekana mdogo ndani ya koti lake.

Alinivuta pembeni. Akasema Steve anadai alimpigia Ijumaa, wakaongea, naye akakataza jina. Damas hakumbuki. Hakumbuki hata neno moja, wala kutoka stoo kwenda langoni. Lakini simu inaonyesha iliongea dakika nne saa sita mchana. Akaniuliza kama baba yake marehemu ninamkumbuka, yule aliyekuwa anatoka nje na sahani anatafuta mlango wa nyumba yake mwenyewe. Akasema labda ugonjwa umeanza. Akasema alimwomba Mungu usiku mzima arudishiwe dakika zile nne tu. Amemwambia Steve abadilishe, Steve anasema anamhurumia baba yake, mara anakataa mara anakubali, ni afadhali wamwache mtoto na Shalom.

"Arsène njo jina muzuri," akaniambia, na macho yake yana maji. "Minye singekatala hata siku moya."

Nilikuwa na huruma. Iliendelea tangu kanisani mpaka kona ya soko. Ningeweza kusema pale pale: Damas, huna ugonjwa, una mkwe. Neno lilifika kwenye meno. Lakini angenisamehe, namjua, angenishika bega mbele ya parokia nzima, na hilo siliwezi.

Kesho Steve anakwenda kuandikisha mtoto. Lazima kabla ya hapo Damas abadilishe msimamo kwa nguvu, si kwa kubembeleza. Damas wa kweli hana nguvu hizo. Mimi ninaye Damas mwingine.

Jumatatu, 13 Oktoba

Naandika haya nimefunga mlango.

Kabla ya kazi, saa kumi na mbili asubuhi, nyuma ya choo chetu. Simu ya Damas siwezi kuipata tena: Kalenga sasa anauliza jetoni na jina na mtaa. Basi nikapiga kwa yangu. Sauti ni sauti.

Steve akapokea. Nikavuta pumzi puani. "Bon, bon, bon. Ni minye papa yako, Damas." Nikasema nimelala nimeota, nimeonywa, naamuru kama baba mtoto aitwe Arsène. Nikasema Arsène ni mtu wa pekee. Nikasema kiwandani wote tunamtegemea. Nikasema hata simu yake, ukiitazama vizuri, ni simu imara. Nilikuwa nimepata moto, maneno yanakuja yenyewe.

Kisha Steve, kwa adabu kubwa:

"Ndiyo, Papa Arsène. Nasikia."

Nikatazama simu. Orlu Tatu Plus. Laini yangu. Namba yangu. Jina langu limemkaa Steve kwenye kioo tangu mwanzo.

Nikakata. Nikasimama na kuku wa jirani.

Siku nzima kazini sikuchonga kitu cha maana.

Jumanne, 14 Oktoba

Wanajua wote. Steve alimwambia Glodie, Glodie akampigia mama yake, Viviane akacheka mpaka akalazimika kulala chini. Kisha akaacha kucheka. Akaniambia Damas hajalala siku tatu akidhani anapoteza akili, na kama sijakwenda kwake kabla ya bukari atakwenda yeye.

Sikuhitaji kwenda. Damas alikuja. Alikaa kwenye kiti changu, akanywa maji. Nikangoja matusi. Nilikuwa nimeandaa majibu ya matusi, mazuri sana.

Akasema ameshukuru Mungu, akili yake nzima. Kisha akasema: "Papa Glodie, ulipashwa kuniuliza tu. Ningekupatia simu."

Ndiyo hayo tu. Majibu yangu yote yalikuwa ya matusi.

Akatoa mfukoni simu ile, ya chumba namba saba, akaiweka mezani. Iwe yangu. Anasema babu wa mtoto hawezi kuwa anaona viduara. Nikasema nitafikiri. Viviane akaipokea kabla sijamaliza kusema.

Tukampigia Glodie, video. Nikaomba msamaha, kwa ufupi. Damas akasema jina bado linaweza kubadilishwa, yeye anaruhusu kwa mikono miwili. Glodie alimtazama mtoto, akanitazama mimi, akafikiri.

"Apana," akasema. "Arsène moya anatosha."

Damas alicheka. Viviane alicheka. Hata mtoto alifungua mdomo.

Alhamisi, 16 Oktoba

Leo nimepitia orodha ya majina kwenye simu niliyopewa. Damas hakufuta majina kwenye simu. Nimejitafuta humo. Nilitegemea "Karakana" au "Baba wa Glodie". Ameniandika "Ndugu Arsène". Tarehe, iliyohama na majina kutoka simu yake ya zamani, ni ya kabla watoto hawajaoana.

Kwangu yeye ni "Bon Bon Bon".

Niliona haya. Haya ya kweli, dakika nzima na zaidi. Nikabadilisha, nikaandika "Damas". Mwanzo si mbaya.

Mchana injinia Banza akaniita ofisini. Mezani, jetoni mbili namba saba. Moja imechakaa, moja yangu. Kalenga alizikuta na kuzipeleka. Nikaona miaka kumi na minane inatoka mlangoni bila mimi. Injinia akasema Damas ameshaeleza: aliniomba nimtengenezee ya akiba, kosa ni lake, hakuomba ruhusa. Damas! Amenisitiri! Sasa nitamshukuru mpaka lini? Ndicho alichotaka.

Kisha injinia akainua yangu kwenye mwanga. Akasema zile za zamani zimekwisha, namba hazisomeki, anataka kabati lote lipate mpya kama hii. Arobaini.

Jumatatu, 20 Oktoba

Leo simu yangu imeingia kabatini! Chumba namba nane! Kalenga aliipokea kwa mikono miwili, akaifuta kwa leso. Nilitembea kuelekea karakana kama bwana harusi. Nilijisemea: Arsène, umefika. Wivu basi. Umejifunza.

Jioni tulikuwa langoni, tumetoa simu, Steve ametuma video moja kwa sisi wote wawili. Shalom anapiga miayo. Nikatazama kwangu. Mzuri! Nikageuka kumwonyesha Damas.

Damas ana simu nyingine. Mpya. Mwanawe wa Lubumbashi amemletea Jumamosi, kwa sababu alibaki bila. Kioo chake kinazidi changu upana wa vidole viwili. Kwangu Shalom anatoshana na kiganja. Kwa Damas ni karibu mtoto mzima! Sikio lenyewe, sikio la baba yangu, kwenye simu ya Damas ni kubwa kuliko kwangu!

Nilisema kwangu rangi ni kali zaidi.

Nimebaki karakana baada ya saa za kazi kumaliza agizo la injinia. Jetoni zimetoka nzuri, zinang'aa, namba safi. Aliagiza arobaini.

Nimechonga arobaini na moja.